Somo la Kushona: Mfuko wa Soko na Mito ya Kikapu cha Kupikia



Somo la mwezi huu ni la sindano na uzi. Huenda baba mwenye nyumba akataka kufunua ukurasa wa pili atafute bei ya mahindi. Namwomba angoje kidogo. Kwanza, kazi ya pili katika somo hili inapunguza kuni, na kuni ni jambo la mji mzima. Pili, anayedhani kwamba kushona ni kazi ya wanawake tu, aende sokoni aangalie barazani mwa maduka ni nani anayekanyaga cherehani. Mimi mwenyewe ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Chuoni tulifundishwa kazi za mikono, na mwalimu wetu aliufumua mshono wangu mara tatu kabla ya kuukubali. Siku hizo nilinung'unika. Leo namshukuru.

Huhitaji cherehani kwa kazi hizi. Utahitaji sindano mbili, moja nyembamba na moja nene, uzi wa pamba wenye nguvu, mkasi unaokata, utepe wa kupimia, kipande cha chaki, na subana, yaani kile kikofia cha chuma cha kulinda kidole. Ukiwa na mizinga ya nyuki, chukua na kidonge cha nta. Pitisha uzi juu ya nta mara mbili kabla ya kushona, nao hautajikunja wala kukatika upesi. Nitapima kwa inchi kama wafanyavyo mafundi wetu wengi. Inchi 2 ni kama sentimita 5.

Sasa kitambaa. Chagua kitambaa cha pamba, kwa maana tutakitumia karibu na sufuria ya moto, na nailoni huyeyuka. Muuzaji anaweza kukuambia kila kitu dukani kwake ni pamba, basi jaribu mwenyewe. Chomoa nyuzi chache ukingoni, uzichome juu ya sahani yenye maji. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu jepesi. Nyuzi zikijikunja na kuwa tone gumu jeusi, hicho si cha kazi yetu. Marekani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi ambayo ilipata jina lake kwa sababu wafanyabiashara wa Marekani waliileta Unguja katika karne ya 19, ni nzuri sana. Kaki nzuri ni bora zaidi kwa mfuko. Leso zilizochakaa kidogo zinafaa kwa mito.

Jambo moja nitalisema kwa nguvu, kwa sababu watu huja ofisini kuniomba nami huwakatalia, nao huondoka wakiniona mchoyo. Wanataka mifuko mitupu ya mbegu na magunia yaliyochukua dawa za shamba, ili wafue na kushona mito au mifuko ya unga. Usifanye hivyo hata kidogo. Mbegu nyingi za dukani zimepakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na ndiyo sababu hutiwa rangi nyekundu, ya kijani au ya buluu, ili mtu asizile. Dawa hiyo hubaki katika mfuko. Kufua kwa sabuni si dhamana ya kuiondoa, na mtoto analaza shavu lake juu ya mto usiku kucha. Hata gunia usilolijua lilichukua nini, liache. Akiba ya shilingi chache haifai kununuliwa kwa afya ya mtoto.

Kabla ya kukata, fua. Marekani mpya na kaki mpya hunywea zikipata maji. Nilipoanza kushona nyumbani nilikuwa na haraka, nikakata na kushona foronya nzuri siku ile ile niliyonunua kitambaa. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza, mto haukuingia tena. Loweka kitambaa katika maji ya moto usiku mmoja, anika, piga pasi kingali na unyevu kidogo, ndipo ulete mkasi.

MISHONO MIWILI YA KUJUA

Kwanza ni bandi. Sindano inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, kwa mstari mmoja. Bandi hushikilia kitambaa mahali pake wakati unapofanya kazi, nayo ukimaliza unaifumua. Haina nguvu ya kubeba kitu, kwa sababu uzi mmoja ukikatika, mstari wote huanza kulegea.

Mshono wa pili ni wa kurudi nyuma, na huu ndio wa kubeba mzigo. Toa sindano juu, rudi nyuma hatua moja ukaiingize, kisha uitoe mbele hatua moja kupita pale ulipotokea. Kila hatua inarudi kushika ile iliyotangulia. Ukiutazama upande wa juu, unafanana na mshono wa cherehani, hatua zimefuatana bila nafasi. Hesabu hatua 8 katika kila inchi. Mwanafunzi wa kwanza atapata 5, na si vibaya, bali zikipungua hapo unga utatoka. Chora mstari wa chaki kwa rula na uufuate. Macho ya mtu humdanganya, chaki haimdanganyi. Fanya mazoezi katika kitambaa kikuukuu mpaka mstari wa inchi 6 uwe umenyooka, kisha uvute kwa mikono miwili. Ukifunguka, rudia.

MFUKO WA SOKO

Tangu tarehe 28 Agosti 1917 ilipita miaka 100 kamili, ndipo mwaka 2017, siku hiyo hiyo, Kenya ikapiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Tangu hapo kila anayekwenda sokoni hana budi kuwa na mfuko wake au kununua mwingine kila mara. Watu wengi hununua. Mfuko wa kaki uliotengenezwa vizuri hufuliwa na kurudi kazini kwa miaka.

Nunua kitambaa chenye upana wa inchi 36, urefu wa mita moja na robo. Hicho hutoa mifuko miwili. Baada ya kufua na kunywea, kata vipande viwili, kila kimoja urefu wa inchi 36 na upana wa inchi 16. Katika kile kinachobaki chini, kata tepe mbili za upana wa inchi 4, kisha gawanya kila tepe katikati. Sasa una tepe nne za mikono, kila moja urefu wa inchi 17 hivi.

Kunja kipande kikubwa katikati, ili urefu wa inchi 36 uwe 18. Mkunjo ndio kitako cha mfuko, nacho hakina mshono, kwa hiyo hakiwezi kupasuka. Uso wa kitambaa uwe nje. Shona kandokando pande zote mbili, robo inchi kutoka ukingoni. Utaniuliza, mbona tunashona uso ukiwa nje? Subiri. Punguza nyuzi zinazoning'inia, geuza mfuko ndani nje, piga pasi, halafu ushone tena pande zote mbili, safari hii karibu nusu inchi kutoka ukingoni. Ukiugeuza tena, ule ukingo unaotoa nyuzi umefungiwa ndani ya mshono wa pili. Punje ya mchele haitapata pa kujificha, wala mshono hautafumuka ukifuliwa.

Mdomoni kunja nusu inchi kuelekea ndani, kisha kunja tena inchi moja na nusu. Piga bandi, usishone bado.

Mikono sasa. Chukua tepe, kunja kingo zake mbili ndefu zikutane katikati, kisha kunja tena katikati. Tepe ya inchi 4 imekuwa ya inchi moja yenye mikunjo minne. Shona kando kwa mshono wa kurudi nyuma. Ingiza ncha za mkono chini ya pindo la mdomo, inchi 3 kutoka kila mshono wa ubavuni, ziingie mpaka mwisho wa pindo. Inua mkono uelekee juu. Shona pindo lote kuzunguka, na pale penye kila ncha ya mkono shona mraba, kisha ndani ya mraba shona msalaba kutoka pembe hadi pembe. Hapa tumia uzi wa kukunja mara mbili na ile sindano nene.

Usiuache ule mraba wenye msalaba. Mfuko wangu wa kwanza niliushona mikono kwa mstari mmoja tu, nikaona inatosha. Ulikatika stendi ya basi, siku ya mvua, ukiwa na pakiti ya unga na sukari ndani. Unga uliingia matopeni mbele ya watu, na mama watoto hakusema neno njia nzima, jambo ambalo lilinisumbua kuliko angesema.

Ukimaliza, jaribu mfuko nyumbani. Tia pakiti tatu za unga za kilo 2, utundike kwenye msumari kwa saa moja. Mstari ukianza kufunguka, utafunguka hapo.

KUSHIKA SUFURIA

Hii ni kazi ya jioni moja, mpe mtoto. Kata miraba ya inchi 7 kutoka suruali ya jinzi au koti la pamba lililochakaa, tabaka nne au tano, zipige bandi kwa msalaba, kisha zungushia tepe ukingoni. Tengeneza mbili. Zikiwa na maji usizitumie, kwa sababu kitambaa kilicholowa hupitisha moto upesi na kuunguza mkono.

MITO YA KIKAPU CHA KUPIKIA

Hii ndiyo kazi niliyokuwa nikiielekea. Akina mama wa vikundi vingi wanaijua, wengine wameisikia tu. Chakula kikishachemka, kazi ya moto kwa sehemu kubwa ni kurudisha joto linalotoroka kwenye sufuria. Ukizuia joto lisitoroke, chakula hujiiva chenyewe na moto umezimwa. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi na majani, kama vile blanketi linavyofanya. Kwa hiyo tunashona blanketi la sufuria.

Tafuta kikapu kipana na imara. Kama huna, katoni ngumu itafaa. Kipimo ni hiki: upana wa sufuria jumlisha inchi 8, ili kila upande upate inchi 4 za mto. Nitachukua mfano wa sufuria yenye upana wa inchi 10 na kimo cha inchi 6 pamoja na kifuniko chake. Kikapu chake kiwe na upana wa inchi 18 ndani, na kimo cha inchi 15. Kimo hicho ni inchi 4 za mto wa chini, 7 za ukuta, na 4 za mto wa juu.

Leso mbili zilizonunuliwa pamoja, kila moja urefu wa kama mita moja na nusu, zinatosha kazi yote. Zipime zako kwanza, kwa maana hazilingani, na uziinue mbele ya jua. Palipokonda pakaonyesha mwanga mwingi, pakwepe.

Kwanza mito ya mviringo, miwili. Kila mto una vipande viwili, kwa hiyo utakata vinne. Jumlisha inchi 4 kwenye upana wa kikapu, upate 22. Kwa nini kuongeza? Kwa sababu mto ukijazwa, kitambaa huvutwa juu na upana hupungua. Funga chaki kwenye kamba, shika kamba inchi 11 kutoka kwenye chaki, bonyeza kidole katikati ya kitambaa na uzungushe. Weka vipande viwili uso kwa uso, shona kuzunguka nusu inchi kutoka ukingoni, lakini acha mdomo wa inchi 8 bila kushona. Geuza.

Ukuta ni mfuko mrefu. Kata kipande chenye urefu mara tatu ya upana wa kikapu, yaani inchi 54, na upana wa inchi 20. Sufuria yako ikiwa ndefu zaidi, kwa kila inchi moja ya kimo ongeza inchi 2 katika upana huu. Kikunje kwa urefu wake, uso ndani, ushone upande mrefu na ncha moja. Geuza.

Sasa kujaza. Mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi wa nguo yanafaa, nao mafundi wengi huyatupa. Kata vipande vidogo. Majani makavu ya migomba yaliyochanwa, nyasi kavu, manyoya ya kondoo yaliyooshwa, vyote vinafaa. Kitu chochote kiwe kikavu kabisa, kianikwe juani siku mbili, la sivyo kitaota ukungu ndani ya leso yako. Jaza mpaka mto uwe na unene wa inchi 4, uwe mnene lakini bado ubonyee. Ukishindilia hadi ukawa kama gogo, hewa imetoka na joto litapita.

Usishone mistari ya kukatisha ukuta ili vitu visihame. Nilifanya hivyo katika kikapu cha kwanza na kilionekana kizuri mno, lakini pale penye kila mstari mto ulikuwa mwembamba kama karatasi mbili, na maharagwe yalitoka vuguvugu. Nilifumua yote. Midomo ya mito usiishone moja kwa moja bali weka vifungo au kamba za kufunga, upate kutoa vijazo na kufua kitambaa.

Weka mto wa chini, zungusha ukuta kwa ndani ya kikapu, ncha zake zibanane bila nafasi. Tia sufuria ikiwa baridi, ujaribu. Igusane na ukuta pande zote. Mto wa juu ukae juu ya sufuria na ukuta pamoja, na kifuniko cha kikapu au ubao mwepesi uubane. Wenye kupenda maneno ya leso yao wayapange yaonekane katika mto huu.

KUPIKA KWA KIKAPU

Hapa nasema polepole, kwa sababu kuna hatari mbili.

Ya kwanza ni maharagwe. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huharibiwa na maji yanayochemka kwa nguvu. Joto dogo haliiharibu. Kwa hiyo mtu asitie maharagwe katika kikapu mara tu maji yanapopata moto. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, tia maji mapya, yachemshe kwa nguvu kwa nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa. Dakika 10 za kutokota sawasawa ndizo za chini kabisa kwa sumu, hizo nyingine ni za kuiva. Ndipo uhamishe sufuria upesi, bila kufunua kuangalia, na uiache saa 3 hadi 4. Githeri yenye mahindi makavu huhitaji karibu saa moja motoni kwanza. Mchele ukishatokota dakika 5, unatosha saa moja kikapuni, na maji yapunguzwe kidogo kwa sababu mvuke hautoroki.

Wewe unayekaa Nyandarua au Limuru, ongeza muda wa motoni kuliko ndugu yako wa Mombasa. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda mlima, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Kwenye kimo cha mita 2,100 ni kama digrii 93.

Hatari ya pili ni moto wenyewe. Sufuria inayotoka kwenye mafiga huwa na masizi, na mara nyingine cheche imenata kitakoni. Ifute kwa kitambaa kilicholowa na utazame chini yake kabla ya kuitia kikapuni. Mito ni ya pamba na majani makavu, na kikapu kinakaa ndani ya nyumba mnamolala watoto.

Tena, chakula kisilale humo. Sufuria ikishapoa ikawa vuguvugu, vijidudu huzaliana humo upesi, hasa palipo nyama au maziwa. Kula kikiwa moto, na kama kimepoa kirudishe motoni kichemke. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo hupoa haraka.

Watu huniuliza kuni zitapungua kiasi gani. Pima mwenyewe. Funga mizigo saba ya kuni iliyo sawa, upike wiki moja kama ulivyozoea, uhesabu iliyobaki. Wiki ifuatayo upike vyakula vile vile kwa kikapu, uhesabu tena. Andika kwenye daftari. Nyumbani kwangu kilichoonekana kwanza kilikuwa kitu kingine: binti yetu mkubwa, ambaye zamani alikaa jikoni kila Jumamosi alasiri akichochea moto wa maharagwe, sasa alikuwa mezani na vitabu vyake.

Anayetaka kushona vya kuuza, ahesabu kitambaa, uzi, vijazo na saa zake za kazi kabla ya kutaja bei. Wengi husahau saa. Na aliyekwama kwenye mshono alete kazi yake ofisini siku ya soko, asubuhi. Aje na sindano yake, maana zangu mbili zimekwisha azimwa.